Kupanga Ukarabati wa Jiko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi huanza ukarabati wa jiko kwa kuchagua rangi ya makabati, ilhali rangi ndilo jambo rahisi kuliko yote kulibadilisha baadaye. Majibu yafuatayo ni ya mtu ambaye bado hajamwita fundi, au amekwisha kumwita na ameambiwa aeleze anachotaka. Vipimo vilivyotajwa ni mahali pa kuanzia tu, kwa kuwa mwili wa mpishi na ukubwa wa vyombo vyake ndivyo vinavyoamua mwishoni.

Nianzie wapi: kwenye mchoro, kwenye makabati au kwenye bajeti?

Anza na mazoea ya nyumba yako. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji, na kwa muda wa wiki mbili hivi kila anayeingia jikoni aandike alichokuja kufanya na mahali alipokwama. Mlango wa friji unaoziba njia kila unapofunguliwa, sufuria kubwa isiyotoka mpaka nyingine tatu ziondolewe kwanza, mtu anayeosha vyombo ambaye huombwa asogee kila mara droo ya vijiko inapohitajika, mafurushi yanayokaa juu ya kaunta kwa kukosa makao: kila kero ya namna hiyo ni agizo kamili kwa mchoraji, na lina faida kuliko picha kumi za majiko ya watu wengine.

Andika mnachofanya, si mnachotamani kufanya. Ni kawaida mtu kupanga jiko kwa ajili ya mpishi ambaye angependa kuwa, akatenga mita nzima ya kaunta kwa kazi ya kuoka ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka, halafu akakosa mahali pa kuweka birika linalochemshwa mara tano kwa siku. Bajeti iwekwe mapema, ila igawanywe baada ya orodha hiyo kukamilika, na asilimia 10 hadi 20 yake iachwe bila kazi, kwa sababu ukuta na sakafu vikishafunguliwa huonyesha mabomba yaliyochakaa na nyaya ambazo hakuna aliyezitarajia.

Nitajuaje ninahitaji nafasi kiasi gani ya kuhifadhia vitu?

Toa kila kitu nje ya makabati, ukigawe katika mafungu manne: vinavyotumika kila siku, vinavyotumika kila wiki, vinavyotumika mara chache kwa mwaka, na vile ambavyo hakuna anayekumbuka mara ya mwisho vilipotumika. Mafungu mawili ya kwanza ndiyo yanayostahili kupangiwa jiko. La tatu linaweza kwenda juu kabisa, au hata chumba kingine. Kuhusu la nne unajua mwenyewe la kufanya.

Kisha upime. Sufuria ndefu kuliko zote pamoja na mfuniko wake, kimo cha chupa ya mafuta, upana wa sinia kubwa, kimo cha sahani zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine: namba hizi ndizo zitakazoamua kimo cha droo na umbali kati ya rafu na rafu. Fundi asipopewa atakisia, na makisio yake yatalingana na vyombo vya nyumba nyingine aliyoifanyia kazi.

Majiko mengi yanayolalamikiwa kuwa ni madogo hayakosi ujazo. Yanachokosa ni ufikivu. Kabati la kawaida la chini lina kina cha karibu sentimita 60, na likiwa na mlango mmoja na rafu moja, nusu yake ya nyuma huwa kama kisima: kitu kikitumbukia humo, hununuliwa kingine. Kwa hiyo usihesabu idadi ya makabati yanayoingia ukutani. Hesabu ni vitu vingapi unavyoweza kuvishika bila kupiga magoti na bila kuondoa kingine kwanza. Kwa kipimo hicho, rafu ya vyakula vikavu yenye kina cha sentimita 30 ambayo kila kopo linaonekana huweza kulishinda kabati lenye kina maradufu.

Makabati ya chini yawe na milango au droo?

Droo, karibu kila mahali. Droo humletea mtumiaji kilichomo, wakati mlango humlazimisha ainame na kuchungulia. Mpango mzuri huchanganya vimo: droo fupi za sentimita 10 hadi 15 kwa vijiko, visu na vifaa vidogo, za sentimita 20 hivi kwa bakuli na sahani, na za sentimita 30 au zaidi kwa sufuria. Sharti reli, yaani vyuma vya pembeni ambavyo droo huteleza juu yake, ziwe za aina inayotoka mpaka mwisho, maana droo inayokwama ikiwa imetoka robo tatu imerudisha giza la nyuma lililokusudiwa kuondolewa. Uliza pia reli zinabeba uzito gani. Zile za kawaida hubeba takriban kilo 30, na droo pana yenye sahani za udongo hufika hapo upesi kuliko unavyodhani.

Mahali pachache bado panahitaji mlango: chini ya sinki, kwa sababu ya mabomba, na kwenye kijikabati chembamba ambamo sinia na mbao za kukatia husimamishwa wima badala ya kulazwa. Droo hugharimu zaidi kuliko mlango na rafu. Fedha zisipotosha, droo ziwekwe kwanza kati ya sinki na meko, ambako mikono hufanya kazi nyingi zaidi, na makabati ya pembeni yaendelee kuwa na milango.

Kila kitu kikae wapi?

Kikae pale kinapotumika kwa mara ya kwanza. Kanuni hii inaonekana nyepesi mpaka ianze kufuatwa kwa makini. Sufuria ambayo kila mara hujazwa maji kabla ya kutiwa motoni ina haki ya kukaa karibu na sinki, na kikaango, ambacho hakihitaji maji, kikae chini ya meko. Vikombe vikae kando ya birika. Kisu na ubao wa kukatia vikae kati ya sinki na meko, na pipa la taka liwe hapo hapo chini ya mkono, si upande wa pili wa chumba ambako maganda yatapelekwa yakidondoka njiani. Viungo visiwekwe juu ya meko, hata kama picha za matangazo hupenda kuviweka hapo, kwa kuwa joto, mvuke na mwanga huvipotezea harufu mapema.

Sahani zina mjadala wake. Huguswa mara mbili: zinapotolewa kupakuliwa chakula, na zinaporudishwa baada ya kuoshwa. Mimi huegemea upande wa kuziweka karibu na zinapokaushwa, kwa sababu kurudisha rundo zima la sahani safi ni kazi nzito kuliko kuchukua chache za mlo mmoja. Nyumba ambayo watoto ndio wanaoandaa meza itakuwa na jibu tofauti: hapo sahani zikae kwenye droo ya chini upande wa meza ya kulia, ili mtoto azichukue bila kupita mbele ya moto.

Kuhusu kimo, vitu vya kila siku vikae kati ya nyonga na macho, vizito visipande juu ya mabega, na vile vya nadra vipewe sehemu za juu na za chini kabisa.

Wazo la kupanga jiko kwa kufuata mwendo wa mikono si geni. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko kwa ajili ya nyumba mpya za jiji la Frankfurt, Ujerumani, chumba chenye upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, baada ya kuchunguza muda na hatua zinazotumika katika kila kazi. Vyakula vikavu viliwekwa kwenye vidroo vya alumini vyenye vishikio na midomo ya kumiminia, kila kimoja kikiwa na jina la kilichomo. Majiko ya aina hiyo takriban 10,000 yalijengwa. Hata hivyo, yalikuwa yamepimwa kwa ajili ya mtu mmoja anayefanya kazi peke yake, watu wawili hawakuenea vizuri, na vile vidroo vizuri vilikuwa kwenye kimo ambacho mtoto mdogo hukifikia bila shida. Mpango uliotokana na mazoea ya mtu mmoja humtumikia mtu huyo mmoja. Ndiyo maana karatasi ya mlango wa friji inapaswa kuandikwa na wote.

Je, ile pembetatu ya sinki, meko na friji bado ina maana?

Pembetatu hiyo, inayopatikana kwa kuunganisha vitu hivyo vitatu kwa mistari kwenye mchoro, ina maana kama njia ya kukagua mchoro, si kama njia ya kuuanzisha. Kanuni hiyo ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, katika miaka ya 1940, na husema kwamba kila upande wa pembetatu uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla ya pande tatu isizidi takriban mita 7.9. Inafaa sana mpishi akiwa mmoja. Wapishi wakiwa wawili, au kukiwa na oveni ya ukutani na mashine ya kuoshea vyombo, ni afadhali kufikiri kwa kanda: kanda ya kuandaa, ya kupika, ya kuosha na ya kuhifadhi, kila moja ikiwa na vifaa vyake na sehemu yake ya kaunta. Vyovyote itakavyokuwa, njia ya kutoka mlango hadi mlango isikate katikati ya sinki na meko. Mtu anayekimbilia nje hapaswi kupishana na mtu aliyebeba sufuria ya maji yanayochemka.

Mpangilio upi unafaa: ukuta mmoja, kuta mbili, umbo la L, umbo la U, au wenye meza ya katikati?

Upana wa chumba hujibu sehemu kubwa ya swali hili kabla ya matakwa ya mwenye nyumba. Njia ya kufanyia kazi inahitaji sentimita 105 hivi kwa mpishi mmoja na 120 kwa wawili. Makabati ya kuta mbili zinazotazamana yakichukua sentimita 60 kila upande, chumba kinahitaji upana wa kati ya mita 2.25 na 2.4. Chini ya hapo, ukuta mmoja au L ndio uamuzi wa busara.

Mpangilio wa kuta mbili haupendwi kwa sababu picha zake hazivutii, lakini ni miongoni mwa mipango inayofanya kazi vizuri zaidi: hauna kona, na kila kitu kiko umbali wa kugeuka tu, mradi chumba hicho kisiwe njia ya kupitia kwenda kwingine. L hufungua chumba na kuacha nafasi ya meza ya kulia. U hutoa kaunta ndefu kuliko zote, pamoja na kona mbili.

Meza ya kazi iliyojengwa katikati ya chumba ndiyo inayoombwa kwa hamu kuliko yote. Fanya hesabu kwanza. Kaunta ya ukutani sentimita 60, njia 105, meza yenyewe 90, kisha angalau 90 za kupita upande wa pili: jumla ni sentimita 345, na hapo hakuna kiti hata kimoja kilichovutwa nyuma. Chumba kikiwa chembamba kuliko hapo, meza hiyo itageuka kizuizi kinachozungukwa kutwa. Meza nyepesi yenye magurudumu hutoa nusu ya faida yake na huondoka inapohitajika.

Kona zifanyweje?

Ndani ya kona, ambako mkono haufiki kwa urahisi, rafu za kuzunguka husaidia, na zile za kuvutwa nje husaidia zaidi kwa gharama kubwa. Njia ya tatu, ambayo wauzaji hawaitaji, ni kuiziba kona kabisa na kuweka droo pana pande zote mbili. Hesabu ya vinavyofikika mara nyingi hutoka sawa au bora.

Kaunta iwe na kimo gani, na iwe na urefu kiasi gani?

Makabati mengi hutengenezwa ili kaunta ifike sentimita 90 hivi kutoka sakafuni. Kimo kinachomfaa mtu hupatikana kwa kusimama wima, kukunja mkono, kupima kutoka sakafuni hadi kiwiko, kisha kutoa sentimita 10 hadi 15. Meza ya kupigia pasi inayoshuka na kupanda ni kifaa kizuri cha kujaribia: iweke kwenye kimo fulani, kata kitu juu yake kwa dakika chache, na mgongo utatoa maoni yake. Kazi za kukanda hutaka kaunta ya chini kidogo. Sinki hutaka ya juu, kwa kuwa mikono hufanya kazi kwenye sakafu yake, si kwenye ukingo. Anayetumia kiti cha magurudumu huhitaji kaunta isiyozidi sentimita 86, uwazi wa magoti wa takriban sentimita 70 chini yake, na duara la sentimita 150 la kugeukia. Hata asiyehitaji hayo leo anaweza kuacha sehemu moja ya kufanyia kazi akiwa ameketi.

Kuhusu urefu, kipande kimoja kisichokatizwa cha sentimita 90 kati ya sinki na meko kina thamani kuliko vipande vitano vya sentimita 30 vilivyotawanyika. Ongeza sentimita 40 hivi upande ambao mlango wa friji hufungukia, na nafasi ya kutua sufuria moto pande zote mbili za meko. Kipande kile cha sentimita 90 kilindwe hata kwa kulitoa kabati zima. Maikrowevu, redio na rundo la barua vitajaribu kukitwaa, kwa hiyo vitafutiwe makao kwenye mchoro.

Naweza kuhamisha sinki au meko?

Unaweza, ila bomba la maji taka ndilo litakalotoa bei. Bomba hilo huhitaji mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita, hivyo sinki likisogezwa mita 3 lazima bomba lishuke sentimita 6 njiani, jambo ambalo kwenye sakafu ya zege humaanisha kuchimba. Mara nyingi ni rahisi zaidi kuliacha sinki lilipo na kuvihamisha vingine kulizunguka.

Meko ya gesi yahamishwe na fundi aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, yasiwe chini ya dirisha lenye pazia wala kando ya mlango, na feni ya kutolea moshi iwe juu yake kwa kiasi cha sentimita 65 hadi 75, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Feni inayotoa hewa nje ya nyumba ni bora kuliko ile inayoichuja na kuirudisha chumbani, kwa sababu ile ya pili haiondoi mvuke.

Umeme na taa vipangwe lini?

Vipangwe kabla ya makabati kuagizwa. Orodhesha kila kifaa chenye waya na mahali kitakapotumika, kisha soketi zifuate orodha hiyo, mbali na maji, zikilindwa na swichi inayokata umeme unapovuja. Taa moja ya katikati ya dari humfanya mpishi akate vitu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Taa chini ya makabati ya juu, zikiwa karibu na ukingo wa mbele, huondoa tatizo hilo.

Makabati ya juu au rafu zilizo wazi?

Rafu wazi hukusanya mafuta na vumbi, kwa hiyo zibebe tu vitu ambavyo huoshwa kila wiki kwa sababu ya kutumika. Makabati ya juu huwekwa sentimita 45 hadi 50 juu ya kaunta, na kina chake huwa sentimita 30 hadi 35. Yakiweza kufika darini, yafike: uwazi unaobaki juu ya kabati hauhifadhi kitu isipokuwa vumbi.

Kuna la kuangalia katika vifaa vya kutengenezea makabati na kaunta?

Maji ndiyo adui mkuu. Mbao zilizotengenezwa kwa chembe zilizogandishwa huvimba ukingo wake ukipata unyevu, kwa hiyo kabati la sinki angalau liwe la plaiwudi inayostahimili maji, hata kama mengine ni ya bei nafuu. Kwa kaunta, graniti huhitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Mawe ya kuundwa kiwandani kwa gundi na chembe za kwatzi hayahitaji dawa hiyo, lakini sufuria moto huweza kuunguza gundi yake. Vumbi la kuyakata huharibu mapafu ya mafundi kiasi kwamba Australia ilipiga marufuku utengenezaji, uuzaji na ufungaji wake kuanzia Julai 1, 2024. Kwingineko, ukiyachagua, dai yakatwe karakana kwa maji, si uani kwako kwa msumeno mkavu.

Nawezaje kuujaribu mpango kabla ya kujenga?

Uchore sakafuni kwa utepe wa karatasi, kwa vipimo halisi, na uweke maboksi mahali pa makabati. Halafu igiza mlo mzima, kuanzia kutoa vitu kwenye friji hadi kurudisha sahani safi, pamoja na watu ambao kwa kawaida huwepo. Pima milango ikiwa wazi: mlango wa oveni na wa mashine ya kuoshea vyombo hushuka hadi sentimita 60 au zaidi njiani, na pale inapokutana au inapoziba droo ya vijiko ndipo mchoro huonyesha ulichokuwa umekificha.

Kazi zifuatane vipi, na tutapika wapi wakati huo?

Usivunje chochote kabla makabati hayajafika na kukaguliwa. Baada ya kuvunja huja mabomba na nyaya, kisha plasta, sakafu, makabati, kaunta, vigae, na mwisho kuunganisha vifaa. Kaunta ya jiwe hupimwa makabati ya chini yakiwa yamefungwa na kusawazishwa kwa pimamaji, si kabla, kwa hiyo tarajia siku kadhaa au wiki za kusubiri katikati. Jiko la muda liwe karibu na bomba jingine la maji, likiwa na yale tu ya fungu la kwanza katika mafungu manne.

Kabla kuta hazijafungwa, piga picha ya kila ukuta wenye bomba au waya, futi ikiwa imenyooshwa kutoka konani ili vipimo visomeke pichani. Fundi atakayekuja kutundika kabati la juu ataiomba picha hiyo kabla hajawasha mashine ya kutobolea.